Mabambu ndani ya pipa: namna ya kugawa shina na kujipatia pazia kwenye parseli ndogo



Kona hii imezoea mboga. Tumeongea lengalenga kwenye gunia, vitunguu kwenye base iliyopasuka, sombe la kando ya nyumba. Juma hili tunaacha chungu pembeni tuongee mianzi, ile ambayo wengi wetu tunaiita tu mabambu. Sababu ni mama mmoja aliyesimama kwenye mkutano wa siku ya posho, baada ya salongo, akasema jambo ambalo wengi tulilijua lakini hatukulisema.

Binti yake ana miaka 13. Bafu yao ni kama bafu za wengi hapa Cimpunda: miti minne, bashi kuukuu, jiwe la kusimamia. Shida yenyewe si bashi, ni mlima. Njia inapita juu ya parseli, na anayepita huko juu anaona ndani ya bafu kama mpishi anavyoona ndani ya sufuria. Vijana walianza kusimama pale jioni. Binti akaanza kuamka saa kumi ya usiku ili aoge gizani, nje, peke yake. Kisha saa mbili yuko darasani, anasinzia. Sisi tunaofundisha tumewakaripia wasichana wengi kwa kusinzia. Hatukuwahi kuuliza wameamka saa ngapi, na kwa nini.

Mama huyo aliuliza bei ya tole akarudi nyumbani kimya. Hata angepata pesa, mwenye nyumba hataki mtu agongee kitu ukutani mwake. Bashi ya pili aliiweka, ikakaa juma tatu, usiku mmoja ikaondoka na mtu. Ndipo mama mwingine akasema: "Mbona tusipande mabambu ndani ya pipa?" Tulicheka kidogo. Halafu tukajaribu, tukashindwa, tukajaribu tena. Leo tunaeleza yote.

Kwa nini pipa? Wengi wetu ni wapangaji. Kilichopandwa chini kinabaki kwa mwenye parseli siku unapohama, lakini pipa unaondoka nalo, hata kama ni kwa kusukumwa na watu wanne. Tena mwanzi uliopandwa udongoni hauulizi mpaka uko wapi. Mwaka wa kwanza ni fimbo tatu, baada ya miaka michache ni kichaka cha kusukuma ukuta wa jirani, na hapa nyumba zetu zinapumua shingoni mwa nyingine. Ugomvi wa mipaka tunao wa kutosha kwa shefu wa avenyi. Hatutaki kumwongezea wa mabambu.

Sasa somo dogo la darasani. Ukiuliza wanafunzi kama mwanzi ni mti, karibu wote wanajibu ndiyo. Mwanzi ni nyasi. Ndugu zake ni mahindi, muwa na mabingobingo. Mti unanenepa mwaka kwa mwaka, lakini mwanzi unatoka udongoni na unene wake wote, unarefuka kwa miezi michache, basi, umemaliza kukua. Ukitoka mwembamba kama kidole utabaki kidole mpaka uzeeke. Kwa hiyo mama asisubiri fimbo zake nyembamba zinenepe. Asubiri zitakazozaliwa baada yake. Kila kizazi, kama shina linakula na kunywa vizuri, kinapita kilichotangulia.

Wengine wametuuliza kama tunaweza kuleta mianzi ya Kahuzi, kwa kuwa iko mingi. Hapana. Mbuga ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, ikaandikwa katika urithi wa dunia mwaka 1980, na kukata mianzi ndani yake ni kosa. Machipukizi yale ni chakula cha ngagi, wanaopanda kwenye msitu wa mianzi wakati wa mvua kwa ajili yake. Na hata bila sheria, ile ni mianzi ya baridi na ukungu, inayoota metre 2300 na zaidi. Sisi Bukavu tuko kama metre 1500. Ingeteseka kwenye pipa lililochemshwa na jua la mwezi wa 7.

Tunayotumia ni ile inayoonekana kwenye viwanja vya nyumba za zamani: ya manjano yenye mistari ya kijani, au ndugu yake ya kijani kitupu. Wataalamu wanaiita Bambusa vulgaris. Udongoni inapanda metre 10 hadi 20, lakini pipa linaibana na panga linamalizia. Uzuri wake ni kwamba inaota kwa kusongamana. Haitembei chini kwa chini kwenda kuchomoza katikati ya chumba cha jirani.

Mara ya kwanza tulikosea karibu kila kitu. Tulichimba mwezi wa 6, mvua ikiwa imeshaondoka. Tulichagua fimbo nene za katikati ya kichaka, tukidhani nene ndiyo yenye nguvu. Tukazibeba kichwani saa sita ya mchana, mizizi wazi, tukisimama njiani kusalimia watu. Tulipanda mashina 6. Mwezi wa 8 yote yalikuwa kuni. Mama mmoja alisema tumerogwa. Tulipofungua udongo tukaona mchawi mwenyewe: mashina tuliyochukua yalikuwa mazee, hayakuwa na hata jicho moja zima.

Jicho ndilo neno la kushika. Chini ya udongo mwanzi una shina nene lililolala, limegawanyika vifundo kama tangawizi. Kwenye vifundo kuna macho, na kila jicho linaweza kuwa mwanzi mpya. Fimbo kuukuu ya katikati imeshatumia macho yake. Fimbo ya mwaka huu, laini, bado ina maganda yake, haijaweka mizizi ya kutosha. Ya kuchukua ni ya mwaka mmoja hadi miwili, na inakaa pembeni mwa kichaka. Utaijua kwa rangi safi inayong'aa, bila madoa ya ukungu wa kijivu, na pengine kipande cha ganda kikavu bado kimeshika kwenye vifundo vya chini. Vaa shati la mikono mirefu. Yale maganda yana manyoya madogo yanayowasha ngozi, na mtoto akijifuta macho nayo atalia siku nzima.

Wakati ni mwanzo wa mvua, mwezi wa 9 hadi wa 10, kabla machipukizi hayajaanza kutoka. Omba ruhusa kwa mwenye kichaka. Mara nyingi anafurahi, kwa sababu kichaka kikipunguzwa kinapumua. Kabla ya kuchimba, kata fimbo zibaki kama metre moja, zenye vifundo vitatu au vinne na matawi yake. Ukiacha urefu wote, majani yatakunywa maji ambayo mizizi iliyokatwa haiwezi kuleta. Kata juu kidogo tu ya kifundo. Ukikata katikati ya pingili unabaki na kikombe, mvua inakijaza, mbu wanazalia humo, na mwaka huo utalipa dawa ya malaria kwa ajili ya pazia.

Kisha chimba kuzunguka kundi la fimbo mbili au tatu. Usichukue moja peke yake, inaweza kuota lakini utachoka kusubiri. Toa udongo taratibu mpaka uone pale shina la chini lilipoungana na mama yake. Pana shingo nyembamba. Hapo ndipo pa kukata, kwa shoka kali au kwa ncha ya sururu, pigo moja au mawili. Kazi hii inataka nguvu, tusidanganyane. Sisi tulikuwa wamama watano na kijana mmoja aliyelipwa kwa sahani ya bugali na sambaza, na asubuhi nzima tulitoa makundi 7. Usivute fimbo kwa kuitikisa ili itoke. Ukivuta, macho yanapasuka na hutayaona yamepasuka. Acha udongo ushikamane na mizizi, funga kwa gunia lililolowa, na upande siku hiyohiyo. Salamu za njiani zitangoja.

Kwa mama ambaye hana nguvu za sururu kuna njia nyingine inayokubali vizuri kwa mwanzi huu. Unakata kipande cha fimbo ya mwaka mmoja au miwili chenye vifundo viwili vyenye macho au matawi mafupi. Unatoboa tundu dogo kwenye pingili katikati ya vifundo hivyo, unajaza maji humo ndani, unaziba kwa udongo wa mfinyanzi au kitambaa, halafu unakilaza kwenye udongo laini, tundu likitazama juu, na kukifunika kidogo. Kinakunywa maji yake ya tumboni wakati kinatafuta mizizi. Ni njia ya bei ndogo, ila pazia litachelewa kwa mwaka mzima au zaidi.

Tuje kwenye chombo. Bido la lita 20 ni dogo, mwanzi utajaza mizizi kabla hujamaliza kuushangilia. Pipa la chuma la lita 200, likikatwa katikati, linatoa vyombo viwili vizuri. Mwambie fundi apige ukingo uliokatwa kwa nyundo uinamie nje, maana ule ukingo ni panga kwa mkono wa mtoto. Kama pipa lilibeba mafuta, lisuguliwe kwa sabuni na majivu. Toboa matundu chini, 6 au 8, upana wa kidole. Sanduku la mbao pia linafaa, ila litaoza baada ya miaka michache. Chini weka mawe madogo yaliyovunjwa, juu yake udongo. Udongo wetu mwekundu ukiwa peke yake unashikana kama bugali iliyolala, maji hayapiti. Tunachanganya mabeseni mawili ya udongo huo, beseni moja la mbolea iliyooza vizuri (ya ng'ombe, ya sungura, ya dende, yoyote mliyo nayo) na beseni nusu la mchanga wa kujengea. Shina likae kwa kina kilekile lilichokuwa nacho kwenye kichaka. Kanyaga udongo kwa mkono, mwagilia mpaka maji yatoke chini, na funika juu kwa majani ya mwanzi wenyewe. Simamisha pipa juu ya matofali, mizizi isipate njia ya kutorokea ardhini.

Hapa tunaomba mama asome polepole. Nusu pipa iliyojaa udongo uliolowa inaweza kufika kilo 150. Mapipa matatu ni kama kuweka watu wazima 6 au 7 wasimame mahali pamoja, mchana na usiku, bila kuondoka. Mama mmoja wetu aliweka mawili kwenye ukingo wa uwanja wake, pale ambapo chini yake kuna ukuta wa mawe, na chini ya ukuta kuna nyumba. Alitaka kivuli kisimle nafasi. Mvua kubwa ya kwanza ilipopita tuliona ukingo umezama upana wa kiganja na ufa umetembea nyuma ya mapipa. Ilikuwa saa mbili ya usiku. Tuliwaamsha watoto wa nyumba ya chini tukawatoa, kisha tukayavuta yale mapipa kwa kamba, watu 8, matope mpaka magotini. Hakuna aliyeumia. Kwenye milima hii yetu hatuhitaji kuambiwa mara mbili kinachotokea ukuta ukikata. Mapipa yakae upande wa mlima, kwenye udongo uliokatwa, mgumu, wala si kwenye udongo uliojazwa, na maji yanayotoka chini yake yapate mfereji. Kama parseli yako yote ni ukingo, basi usiweke pipa. Baki na bashi, tutafute njia nyingine pamoja.

Mahali pa kuziba pajulikane kabla ya kubeba kitu kizito. Mama asimame ndani ya bafu, mtoto asimame juu ya njia, na mtu wa tatu azunguke na mti mrefu akiuinua, mpaka mtoto aseme "sikuoni tena". Pale na urefu ule ndio pazia lako. Kwa sababu wanaotazama wako juu, pazia likae karibu sana na bafu. Ukiliweka mbali linakuwa fupi bure. Pipa lenye fimbo za metre mbili, likiwa juu ya matofali, linaziba zaidi ya unavyodhani.

Baada ya kupanda majani yataanguka. Usilie, using'oe. Kwaruza ngozi ya fimbo kwa ukucha, ukiona kijani ni mzima, anajipanga. Linda kwa kivuli cha bashi juma tatu au nne. Baada ya miezi kadhaa utaona kitu kama pembe ya mbuzi kinachomoza. Kizungushie mawe, kuku wasikivunje na watoto wasikikanyage.

Maji ndiyo swali kubwa, tunajua. Kuna siku robine inakohoa tu hewa, na mama amebeba bido kutoka mbali. Hatutamwambia amwage maji hayo kwenye mwanzi. Mpe mwanzi maji yaliyokwisha fanya kazi: ya kuosha mboga na mchele, ya kusuuza nguo mara ya mwisho, yale ya bafu yasiyo na sabuni nyingi. Usimpe maji ya javeli wala ya chumvi. Wakati wa mvua anajitegemea. Kiangazi, mwezi wa 6 hadi wa 8, pipa linataka maji karibu kila siku, kama nusu ya bido, jioni jua likilala. Mwenyewe atakuambia: majani yakijikunja kwa urefu kama sigara, ana kiu, na akinywa anayafungua tena. Chakula ni mbolea mara mbili kwa mwaka. Mkojo uliochanganywa na maji mara 10 pia ni mbolea nzuri. Wengine watakunja pua, lakini mwanzi haukunji kitu.

Fimbo ikifika urefu unaotaka, kata kichwa. Haitarefuka tena, nguvu itarudi kwenye matawi, na hapo ndipo pazia linafunga. Usikate matawi ya chini. Kila mwaka toa fimbo kavu na zile zilizozidi miaka mitatu, zinakuwa miti ya kusimamishia maharagwe.

Mambo mawili ya watoto. Chipukizi bichi halitafunwi. Lina sumu ya jamaa ya ile ya muhogo mchungu, nayo inapungua kwa kuchemshwa sana na kumwaga maji, kama tunavyojua sote kwamba muhogo mchungu haufanyiwi haraka. Kuna nchi, kama China, ambako machipukizi ni mboga ya kila siku, lakini wao wanajua aina zao na upishi wake. Sisi tuache. La pili ni moto. Majani makavu ya mwanzi yanawaka kama karatasi, na Kadutu yetu imelia moto mara nyingi sana. Mbabula ikae mbali, hatua tano au zaidi, na makala ya jana yasimwagwe kando ya pipa. Fagia kila siku majani yaliyoanguka nje ya pipa. Hii pia inajibu wale wanaoogopa nyoka: nyoka anapenda takataka na panya, na mahali palipofagiwa hapati cha kukalia.

Miaka miwili au mitatu ikipita, pipa litajaa. Utaona maji yanakaa juu hayaingii, na machipukizi mapya yanatoka membamba kuliko ya zamani. Ni wakati wa kugawa tena, vilevile mwanzo wa mvua. Lalisha pipa kwa ubavu, wagonge watu wawili, vuta donge lote nje. Lipasue kwa msumeno kuukuu vipande vitatu au vinne, kila kimoja na fimbo changa na macho yake. Kipande cha katikati, cha wazee, kitupe kwenye mboji. Kimoja kinarudi kwenye pipa na udongo mpya, vingine ni zawadi kwa jirani. Kwa njia hii makundi yetu 7 yameshafika nyumba 16.

Mama tuliyeanza naye ana mapipa manne upande wa njia. Ilichukua miezi 14 mpaka mtoto wa kupimia aliposema "sikuoni". Miezi hiyo yote wamama wa avenyi walipeana zamu ya kukaa pale juu jioni na vikapu vyao vya kuchambua mboga, na vijana wakatafuta pengine pa kusimama. Binti sasa anaoga saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado lipo. Bado anasinzia siku nyingine, ila sasa ni kwa sababu ya hesabu.

Kikundi kitachimba tena siku ya posho ya pili ya mwezi wa 10. Mwenye kichaka ameturuhusu kutoa makundi 8 tu, na majina yameshafika 5. Anayetaka aje na pipa lililokatwa na kutobolewa tayari, gunia la kufungia, na saa mbili za nguvu zake. Kabla ya hapo wawili kati yetu watapita kwake kuangalia mahali pa kuweka. Tukikuta ni ukingo, jina linatoka kwenye orodha, na tunaomba asikasirike.